Buluu Upande Mmoja

Aprili 27, Jumatano

Rafiki yangu Solfrid kanipa daftari hili. Anataka niandike matembezi yetu ya kila Jumatano: tulikwenda wapi, nani alikuja, nani alilalamika. Kundi letu ni wastaafu kumi na mmoja walioishi Oslo maisha yao yote bila kuiona. Mwaka huu mimi ndiye kiongozi, kwa sababu ilipoulizwa nani anataka, wenzangu wote waliangalia viatu vyao.

Leo tumepanda treni hadi Frognerseteren kutazama mji na ghuba kutoka juu. Tulitazama ukungu kwa nusu saa, tukala mikate yetu, tukashuka.

Sikujali sana. Septemba 4 mimi na Solfrid tunapanda meli, siku kumi na mbili kufuata pwani hadi kaskazini kabisa. Nina miaka sitini na saba na miguu inaniwasha. Torleif hataki kuja. "Nani atashika njia?" anauliza mume wangu, utadhani msitu utahama akiondoka. Miaka thelathini na moja iliyopita chama cha matembezi kilimpa kipande cha njia, kutoka ziwa Sognsvann hadi kibwawa cha Gråtjern, na tangu hapo kila majira ya joto anakata matawi na kupaka alama za buluu kwenye miti na mawe. Hivi ninavyoandika, brashi zake zimelowekwa kwenye sinki langu.

Mei 4

Ngome ya Akershus. Mvua. Mwenzetu Halvdan na nyonga yake mbovu kapanda ngazi zote, kisha kasema ngome aliyoiona mwaka wa sitini ilikuwa kubwa zaidi.

Mei 9

Jirani yetu Aspelund kagonga mlango kabla sijamaliza kahawa. Huyu bwana hajagonga mlango huu tangu tugombane naye kuhusu theluji yetu kuangukia ua wake.

"Gunnvor, mzee wako kaanza kupaka rangi nguzo za watu?"

"Nguzo gani?"

Akanipeleka hadi lango lake. Kweli, kwenye nguzo ya lango kulikuwa na alama ya buluu, ndogo kama kiganja cha mtoto. Nikacheka. Nikamwambia, "Jirani, hebu zunguka upande huu. Unaona kitu?"

"Sioni."

"Basi. Torleif hapaki alama upande mmoja hata umtishie bunduki. Anapaka pande mbili, ya kwenda na ya kurudi, na ukisimama kwenye alama moja lazima uione inayofuata. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Hii ni kazi ya watoto."

Akaguna akaondoka. Nimefurahi siku nzima kwa kumshinda.

Mei 17

Sikukuu ya taifa. Bendera, watoto, tarumbeta, aiskrimu. Nilimpoteza Torleif kwenye msongamano mbele ya Bunge, na alirudi nyumbani masaa matatu baada yangu, tai ina doa la soseji. Eti alikutana na mtu anayemfahamu. "Nani?" Hakumbuki jina. Nimenuna hadi chakula cha jioni, na yeye hata hakuona kwamba nimenuna, jambo lililonikera zaidi.

Mei 25

Kisiwa cha Hovedøya. Tumekaa juu ya magofu ya watawa, kila mtu juu ya kipande chake cha sponji cha kukalia, tukala mkate na jibini la kahawia. Meli kubwa nyeupe ikapita, nikasimama bila kujua.

"Kaa chini, shoga," Solfrid akasema. "Yetu bado miezi mitatu."

"Miezi mitatu na siku kumi."

"Torleif atakula nini ukiondoka?"

"Anajua kuchemsha viazi."

"Sikuulizi kama anajua. Nakuuliza atakula nini."

Swali gani hilo? Nilimjibu kwa ukali, na sijui kwa nini.

Juni 8

Mvua.

Juni 9

Mvua. Torleif kaenda njiani hivyo hivyo.

Juni 23

Moto wa usiku wa Mtakatifu Hans, sikukuu ya katikati ya majira ya joto, kando ya ziwa, ingawa usiku wenyewe ni jina tu, jua halitaki kushuka. Torleif kaniuliza mara mbili tunangoja nini. Mara ya pili nikamwambia tunangoja basi, akacheka, nami nikacheka.

Julai 14

Mji mtupu. Watu wote wako kwenye vibanda vyao vya mapumziko, na kundi langu limebaki na watu wanne. Joto. Nimezunguka bandarini peke yangu nikisoma majina ya meli. Siwezi kukaa ndani. Nikikaa naona vumbi, nikiona vumbi nafuta, nikimaliza kufuta nataka kutoka tena.

Torleif anatoka saa mbili asubuhi na kurudi jioni, mikono ya shati ina buluu hadi kwenye kiwiko. Zamani kazi ile ilimchukua wiki mbili. Nimemuuliza mbona haiishi. "Miti inakua," kanijibu.

Agosti 10, Jumatano

Nitaandika yote.

Tulikuwa tisa. Tulikwenda Gråtjern kwa barabara ya wazi, tukachuma beri hadi midomo ikawa ya zambarau, kisha nikasema turudi kupitia msituni, kwa njia ya Torleif. Mawingu yalikuwa yameshuka kwenye misonobari. Halvdan akauliza kama nina ramani.

"Ninayo mfukoni, na itakaa mfukoni. Nimelala na mwenye njia hii miaka arobaini na miwili."

Wakacheka. Tukafuata buluu. Alama zilikuwa mpya, zinang'aa, kila moja inaonekana kutoka kwenye mwenziwe. Hapa hakuna mtu anayebishana na alama ya buluu. Mtu atambishia waziri, atambishia daktari, lakini akiona buluu kwenye mti anakwenda.

Njia ikaingia kwenye kinamasi. Nikajisemea ameikwepa miti iliyoanguka. Ikapanda jabali, ikashuka, ikapita jiwe kubwa lililopasuka katikati, ikaingia kinamasi tena. Mvua ikaanza. Baada ya muda tukalifikia jiwe lililopasuka katikati.

"Mawe yaliyopasuka ni mengi huku," Solfrid akasema.

"Mengi sana," nikasema.

Tukaendelea. Halvdan akazama hadi gotini, tukamvuta watu watatu, buti moja ikabaki kwenye tope na ikabidi nipige magoti niitafute kwa mkono. Hakuna aliyefanya mzaha tena. Tulipolifikia lile jiwe mara ya tatu, maganda ya yai alilokula Solfrid yalikuwa pale pale alipoyaweka.

Alama za mume wangu zilikuwa zinazunguka. Hazikuwa zimekosewa moja au mbili, la. Zilitoka kwenye jiwe, zikazunguka kinamasi chote, zikarudi kwenye jiwe, na kila moja ilikuwa imepakwa pande mbili.

Nikatoa ramani, lakini ndani ya ukungu ramani ni karatasi tu. Mwishowe tulisikia kijito, tukakifuata kushuka kama kondoo hadi ziwani. Tulitoka masaa manne baada ya muda wetu. Halvdan alikuwa mweupe mdomoni. Kule kituo cha treni akaniuliza, "Gunnvor, nini kimetokea?"

"Nimekosea mimi. Nilikata kona mahali pasipo pake."

Solfrid alinitazama. Alikuwa nyuma yangu njia nzima, anajua sikukata kona yoyote.

Agosti 11

Nimemwambia Torleif wakati wa kahawa. "Njia yako inazunguka."

"Njia haizunguki. Watu wako ndio hawajui kutembea."

"Torleif, nilikuwepo. Nimepita jiwe lile mara tatu."

Akapiga meza kwa kiganja, kahawa ikaruka. Katika ndoa yetu yote hajawahi kupiga meza. Kisha akachukua kitambaa akaifuta kahawa taratibu, akaendelea kufuta hata meza ilipokuwa kavu.

Agosti 14

Eskil kaja, yule kijana wa chama anayesimamia njia zote za upande huu. Namwita kijana, ana miaka hamsini. Torleif alikuwa bustanini.

"Gunnvor, nimepata barua. Watu wanasema njia ya Gråtjern ina matatizo."

"Watu wanasema mengi. Miti ilianguka wakati wa baridi, kaizungusha kidogo."

"Torleif yuko sawa?"

"Yuko sawa kuliko wewe. Kunywa kahawa."

Akanywa. Akasema mwisho wa mwezi atakuja aipite njia kwa miguu yake. Kabla ya kuondoka alikaa bustanini na Torleif kwa muda mrefu, na kutoka dirishani nilimwona Torleif akimweleza kwa mikono namna ya kushika brashi. Yule anajua kushika brashi. Torleif ndiye aliyemfundisha.

Nawaza hivi: wakimnyang'anya njia, atafanya nini na asubuhi zake? Na wasipomnyang'anya, siku moja atalala kinamasini mwenyewe. Na meli inaondoka baada ya wiki tatu. Namkasirikia. Naandika wazi, namkasirikia kwa kuugua mwaka huu na si mwaka ujao. Ndiyo, nimeandika kuugua.

Agosti 18

Nimechukua kopo la rangi ya kijivu, ile wanayofunikia alama za zamani, nikamuaga Torleif kwamba naenda kwa daktari wa meno. Nikaenda kwenye jiwe lililopasuka nikaanza kufuta mduara, mti kwa mti. Kazi ilikuwa nzuri sana, ndiyo iliyoniuma. Gome limekwanguliwa vizuri, kingo zimenyooka.

Kwenye mti wa ishirini na kitu nikasikia mtu anakohoa. Torleif alikuwa amekaa juu ya sponji yake na chupa ya kahawa mapajani.

"Meno yako yako mbali na mji," akasema.

Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko, akanisogezea nusu ya sponji. Tukakaa tumebanana.

"Nilipotea hapa," akasema. "Mwezi wa sita, siku zile za mvua. Nikajua nimepotea. Nikasema nipake kila nilipopita ili nisipite tena mahali pale pale. Nikapaka, nikapaka. Kisha nikaona buluu mbele yangu. Gunnvor, nilifurahi! Nikadhani nimeipata njia." Akanywa. "Ilikuwa yangu. Bado mbichi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha meli."

"Tangu lini, Torleif?"

"Tangu Pasaka. Labda kabla." Akachukua kopo langu la kijivu, akatazama brashi. "Unapaka nzito mno. Lete."

Tukafuta pamoja hadi saa kumi. Mimi naonyesha mti, yeye anapaka. Nilikuwa nalia kwa namna ambayo mtu anaweza kuisingizia mafua. Tulipokuwa tukishuka akasema, "Nenda na meli. Mimi nyumbani nitafika."

"Utafikaje?"

"Nitafika tu."

Ubishi huo huo wa siku zote. Nikamwacha nao.

Agosti 28

Eskil hakuhitaji kuipita njia. Torleif alimngoja mlangoni amevaa shati safi, na makopo yamepangwa kwenye ngazi. "Macho yangu yamechoka," akamwambia. Eskil akampa mkono, kisha akamkumbatia, na kwa watu kama hawa wawili hilo ni tukio la kuandika. Aliyapakia makopo kwenye gari, akatazama orodha yake, akanitazama, akafunga mlango wa gari. Kopo moja la buluu halikuwepo. Hakuuliza.

Siku nzima Torleif kazunguka bustani na mkono wa kulia umekunjwa ngumi, kana kwamba bado ameshika kitu.

Septemba 2

Sanduku limefungwa. Dada yake Torleif atakuja kutoka Hamar kukaa naye, yeye hajui bado, atakasirika. Nilikuwa natafuta soksi za sufu Aspelund alipogonga.

"Zimeongezeka," akasema.

"Nini zimeongezeka?"

"Rangi. Nguzo za taa, sanduku la umeme, jiwe la kituoni. Watoto gani hao wenye subira kiasi hicho? Njoo uone mwenyewe."

Alikuwa ameshika kopo lake la kijivu na brashi mpya. Nikavaa koti nikamfuata kwa hasira, nikitazama kila nguzo tuliyoipita, na sikuona kitu. Tukafika hadi kituo cha treni, pale njia ya msituni inapoishia.

"Jirani, umenitoa nyumbani bure. Sijaona hata moja."

"Geuka," akasema.

Nikageuka kuelekea nyumbani.

Kwenye jiwe la kituoni ilikuwepo moja. Nikiwa nimesimama hapo niliiona ya pili, kwenye nguzo ya taa. Nikaenda kwenye ya pili nikaiona ya tatu, kwenye sanduku la umeme. Nikakata kona ya duka la mkate, ikawepo. Kila penye njia panda zilikuwa mbili, ili mtu asikosee. Kwenye lango la Aspelund ikawepo ile ya kwanza niliyoicheka mwezi wa tano, na kutoka hapo niliona ya mwisho, chini ya sanduku letu la barua, karibu na ardhi, mahali ambapo mke mkali asingeiona akichukua gazeti.

Ya kwenda hakuipaka hata moja. Kwenda alikuwa anajua.

Nikakaa kwenye ukuta mdogo wa Aspelund. Nililia sana, mchana kweupe, mbele ya mtu ambaye kwa miaka sita sikuwa nimempa hata salamu kwa ajili ya theluji. Alisimama na kopo lake, akabadilisha mkono, akabadilisha tena.

"Nilidhani watoto," akasema.

"Mimi ndiye niliyekuambia ni watoto."

"Ah, basi." Akakandamiza kifuniko cha kopo kwa kisigino hadi kikalia. "Ile ya kwangu iacheni. Inapendeza."

Septemba 4

Meli imeondoka saa zake. Solfrid kaenda peke yake, kwanza kanitukana kwenye simu, kisha kalia, kisha kaniuliza kama anaweza kutumia nusu yangu ya kabati melini. Sitasema sijali. Nimesimama kwenye bomba la sinki nikiosha sufuria safi, na nilitaka kuitupa dirishani.

Torleif kaniuliza mbona sijaondoka. "Mawimbi," nikasema.

"Wewe? Uogope mawimbi?" Hakuniamini, na baada ya saa moja kaniuliza tena.

Septemba 14, Jumatano

Nimemjaribu. Tulikwenda na kundi kuzunguka ziwa. Watu wakaamkiana na kila mpita njia, kama ilivyo ada, kisha wakaingia kwenye treni na kutomtazama mtu yeyote usoni, kama ilivyo ada pia. Mimi na Torleif tukabaki. Nikajifanya nafunga kamba za buti.

"Tangulia."

Nikamfuata hatua thelathini nyuma. Kwenye jiwe alisimama, akainua kidevu, akaitafuta inayofuata, akaenda. Kila alama alifanya hivyo. Langoni kwa Aspelund aliigusa nguzo. Alipofika kwenye sanduku la barua aligeuka akaniona.

"Umechelewa," akasema.

Septemba 15

Dada yake karudi Hamar. Walikuwa wanagombana kuhusu viazi.

Septemba 28

Solfrid karudi na picha mia tatu za milima. Nimeziangalia zote. Nilimwomba anionyeshe tena chache.

Oktoba 9

Leo Torleif kavaa begi lake, kachukua chupa ya kahawa, kafungua lango, akasimama. Nilikuwa jikoni, nikamtazama kupitia dirishani. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Majani ya njano yalikuwa yakimwangukia kofiani. Dakika tano, dakika kumi. Kisha akafunga lango, akarudi ndani, akavua buti, akasema leo baridi.

Haikuwa baridi.

Oktoba 10

Nimeamka saa kumi na mbili. Nilijua lilipo, nyuma ya skii zetu za theluji ndani ya kibanda cha uani, limefunikwa na sweta langu la zamani. Nusu kopo la buluu, na brashi imeoshwa safi.

Nilianza na sanduku letu la barua. Nikapaka upande wa pili. Nikasimama hapo, nikatafuta mahali pa inayofuata, nikavuka barabara. Aspelund katoka na gazeti, akanitazama, akaenda kuvaa kofia, akarudi akanishikia kopo hadi kituoni bila kusema neno isipokuwa mara moja: "Hiyo haionekani kutoka kule. Ishushe." Alikuwa sahihi. Tukaishusha. Mwanamke mmoja mwenye mbwa akatuuliza kama tuna kibali. "Tunacho," Aspelund akasema, mtu ambaye hajawahi kusema uongo hata kuhusu ua wake.

Saa nne Torleif kavaa buti. Kachukua begi, kafungua lango, akasimama. Nami nilikuwa nyuma yake na begi langu, nimejaza mikate ya watu wawili, na ramani.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Kisha akainua kidevu.

"Nani kapaka ile pale?"

"Sijui. Watoto."

Akavuka barabara, akainama mbele ya nguzo ya Aspelund, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. "Hakufuta vumbi kwanza. Na amepaka nzito mno." Akanyooka, akaitafuta inayofuata. "Lakini inaonekana."

"Haya, tangulia," nikamwambia.